Miongozo ya programu huria: Mwalimu wa vijana wa Lodwar na Kakuma

PROGRAMU huria za kompyuta hutolewa bila malipo, lakini kwa anayeanza kujifunza, programu isiyo na maelezo ni sawa na kufuli lisilo na ufunguo. Ukweli huo una uzito zaidi katika miji ya Lodwar na Kakuma, kaunti ya Turkana, iliyo mbali na vyuo vikubwa na maduka ya vitabu ya Nairobi.

Lodwar ndiyo makao makuu ya kaunti. Kakuma, umbali wa takriban kilomita 120, ina kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Kambi hiyo na makazi jirani ya Kalobeyei huhifadhi zaidi ya watu 250,000, wengi wao wakitoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia.

Vijana wa eneo hilo hawakosi hamu ya fani hii. Shirika la Learning Lions, lililoanzishwa mwaka 2015, huwafundisha vijana wa Turkana kazi za kompyuta, ikiwemo utengenezaji wa tovuti. Hata hivyo, mwanafunzi akishatoka darasani, mwalimu anayebaki naye ni maandishi.

Mfano mzuri wa maandishi hayo ni yale ya Django. Hiki ni kiunzi cha tovuti, yaani mkusanyiko wa sehemu zilizokwisha kuundwa, kama vile usajili wa watumiaji na uhifadhi wa taarifa. Mwenye kukitumia hujenga kwa matofali yaliyokwisha kuchomwa, badala ya kuanza kukanda udongo.

Django ilizaliwa katika chumba cha habari. Waanzilishi wake, Adrian Holovaty na Simon Willison, walikuwa wakitengeneza tovuti za gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani. Mwaka 2005 ilitolewa kwa umma, na tangu mwanzo ilisifiwa kwa ubora wa miongozo yake.

Miongozo hiyo imegawanywa katika mafungu manne: mafunzo ya hatua kwa hatua, ufafanuzi wa mada, rejea za kina na maelekezo ya kutekeleza kazi mahususi. Katika somo la kwanza, mwanafunzi hutengeneza tovuti ndogo ya kura ya maoni. Maandishi hutunzwa pamoja na programu yenyewe, na badiliko la programu linalohitaji maelezo halikubaliwi mpaka maelezo hayo yaandikwe.

La manufaa zaidi kwa Turkana ni kwamba miongozo yote yaweza kupakuliwa mara moja, ikahifadhiwa katika kompyuta na kusomwa bila intaneti. Mmoja akiipata mjini Lodwar, anaweza kuinakili katika flashi na kumpelekea mwenzake wa Kakuma bila kuvunja sheria, kwa kuwa leseni inaruhusu. Tovuti ya majaribio nayo huendeshwa ndani ya kompyuta hiyo hiyo.

Kikwazo kinachobaki ni lugha. Miongozo imetafsiriwa kwa Kifaransa, jambo linalowafaa Wakongo na Warundi waliosomea lugha hiyo. Kiswahili bado hakimo katika orodha hiyo, ingawa baadhi ya maneno ambayo Django humwonyesha mtumiaji yamekwisha kutiwa katika Kiswahili. Kwamba kazi hiyo yawezekana kulithibitishwa mwaka 2004, wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Kazi ya namna hiyo haisubiri mabingwa pekee. Mtaalamu aliyezoea njia husahau mahali alipojikwaa. Anayeanza ndiye anayeona hatua iliyorukwa au sentensi isiyoeleweka. Miongozo ya Django iko wazi kwa yeyote kupendekeza sahihisho, na wakaguzi huitazama kazi yenyewe, si shahada wala uraia wa aliyeileta.

Kwa mkimbizi anayehitaji kibali ili asafiri nje ya kambi, hilo si jambo dogo. Sahihisho likikubaliwa, hubaki katika kumbukumbu za mradi, na mwajiri popote duniani aweza kulisoma. Kazi yake hufika mahali ambapo yeye mwenyewe hajaruhusiwa kwenda.