Kupanda Kilimanjaro: Usikimbilie Kilele
Mkazi wa Diani au Msambweni anayepanda Mlima Kilimanjaro hutoka usawa wa bahari hadi mita 5,895. Huko juu hewa ni nyembamba, na mwili huhitaji siku kadhaa kuizoea. Ndiyo maana wanaopitia njia ya Marangu hushauriwa kulala Horombo, takriban mita 3,720, usiku wa pili kabla ya kuelekea Kibo. Kila mpandaji lazima aandamane na mwongozaji mwenye leseni. Ukiumwa na kichwa au kuhisi kichefuchefu, mwambie mapema, wala usiendelee kupanda. Anayeyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi hata akiwa amepumzika ateremshwe papo hapo, hata usiku. Kilele hakihami.