Walabi Parma: Mnyama Aliyedhaniwa Kuwa Ametoweka

Katika jamii ya kangaruu wamo wanyama wadogo waitwao walabi. Mmoja wao, parma, kwa asili hupatikana katika jimbo moja tu la Australia, New South Wales, kwenye misitu ya milima iliyo sambamba na pwani ya mashariki. Uzito wake ni kilo 3 hadi 6 hivi, sawa na digidigi. Manyoya yake ni ya hudhurungi, koo lake ni jeupe, na mkia wake hukaribia kulingana na kiwiliwili kwa urefu.

Mnyama huyu huhitaji maficho na malisho mahali pamoja. Mchana hujibanza ndani ya vichaka vizito viotavyo chini ya mikaratusi mirefu (jamii ya miti ile ile ambayo wanafunzi wengi wameipanda viwanjani mwa shule zao). Jioni hutoka kwenda kula nyasi zilizo karibu. Msitu ukifyekwa, nyasi huweza kubaki, lakini pa kujificha hapana. Hapo huwa windo jepesi la mbweha mwekundu, aliyeletwa na Wazungu katika karne ya 19 kwa ajili ya mchezo wa kuwinda.

Ilifika wakati wataalamu hawakumwona tena, wakadhani ameangamia. Kumbe mnamo mwaka 1870 Sir George Grey, aliyekuwa Gavana wa New Zealand, alipeleka walabi wa aina kadhaa katika kisiwa chake cha Kawau. Huko walizaana mno, wakala miche ya miti, nao wakazi wakawaua kama waharibifu. Mwaka 1965 ndipo ilipotambuliwa kwamba miongoni mwa waharibifu hao walikuwamo parma! Wengine wakakamatwa na kupelekwa katika bustani za wanyama za nchi mbalimbali. Mwaka 1967 parma wakaonekana pia katika msitu karibu na Gosford, kwao Australia. Kumbe hawakuwa wamekwisha.

Pengine mwanafunzi atauliza: kwa nini wasizalishwe kwa wingi, kisha wakarudishwa msituni? Mwaka 1988 jambo hilo lilijaribiwa karibu na Robertson, na mbweha wakawamaliza katika muda mfupi. Tena jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, ambaye hukaa mfukoni mwa mama yake kwa muda wa miezi 7 hivi. Hivyo pengo la waliokufa huchelewa kuzibwa. Moto mkubwa wa mwaka 2019 na 2020 uliteketeza sehemu kubwa ya misitu yao, pamoja na vile vichaka vya kujificha.