Tangazo Lisomwe Kabla ya Kutolewa



Silabi moja yaweza kugeuza onyo kuwa ruhusa. Rasimu ya tangazo letu kwa mitaa iliyo jirani na machimbo ya wachimbaji wadogo, Geita na Kahama, ilisema: "Wajawazito na watoto wakae karibu na mahali zebaki inapochomwa." Iliyokusudiwa ni "wasikae". Kompyuta haikusaidia, maana "wakae" nalo ni neno sahihi. Mzee wa usharika aliyeombwa kulisoma kwa sauti ndiye aliyeligundua kosa. Mvuke wa zebaki hudhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Hivyo lisingekuwa kosa dogo.

Tunashauri kila kamati ifanye yafuatayo kabla ya kutoa barua, taarifa au tangazo:

1. Asome mtu mwingine, kwa sauti. Mwandishi huona alichokusudia, si alichoandika.
2. Maneno ya kukataza yapigiwe mstari na kuhakikiwa moja moja.
3. Tarakimu zilinganishwe na stakabadhi. Sh. 1,500,000 ikiandikwa 150,000, mfadhili atauliza nyingine ziko wapi.
4. Fomu za zamani zirekebishwe. Geita ni mkoa tangu 2012. Haimo tena katika Mkoa wa Mwanza.

Tusitegemee tangazo la kusahihisha. Aliyesoma la kwanza huenda asilione la pili, na kwake zebaki haitasubiri.