Muziki Wakati wa Kujifunza: Unasaidia ao Unaharibu?

Ni watoto wangapi katika mtaa wako wanajifunza magaribi, kaye juu ya magoti, huku bafle za nganda ya jirani zinapiga? Mumoja anaandika bila kuinua kichwa. Ndugu yake, wa tumbo moja, hamalizi dakika 5: anasimama kunywa maji, anavunja kalamu, anauliza jambo lingine, anasahau hesabu aliyokuwa nayo. Baba anasema: « Huyu hana akili. » Jirani anasema neno baya zaidi.

Tusiharakishe kuhukumu. Kuna watoto ambao bongo zao hazikamati neno moja kwa muda mrefu. Waganga wanaita hali hiyo, kwa Kifaransa, TDAH: ni shida ya kutuliza akili, mara nyingi pamoja na kutembea-tembea na kufanya mambo bila kungoja. Si jambo la leo. Katika mwaka wa 1902, munganga George Still alieleza huko London habari za watoto wa namna hiyo, na wamoja wao hawakukosa akili. Leo inahesabiwa kwamba karibu watoto 5 kwa 100 wanayo, na mara nyingi inatembea katika jamaa: baba alikuwa vile, mutoto naye ni vile. Wakubwa wengi wanabaki nayo.

Sasa, muziki unafanya nini kwa mutu kama huyo? Wazazi wengi wanajibu mbio: « Zima redio! » Vijana nao wanajibu: « Bila muziki siwezi kujifunza. » Kila mumoja ana sehemu ya haki.

Katika mwaka wa 1996, Howard Abikoff na wenzake huko Marekani walichukua wavulana 20 wenye shida hii na wengine 20 wasiokuwa nayo. Waliwapa hesabu za kufanya mara tatu: katika kimya, pamoja na sauti ya mutu anayesema, na pamoja na muziki. Wale wasiokuwa na shida walifanya sawasawa mara zote. Wale wenye shida walifanya vizuri zaidi pamoja na muziki. Lakini angalia: faida ilionekana zaidi kwa wale walioanza na muziki. Labda muziki unaamsha akili wakati mutoto angali mupya katika kazi, lakini akiisha kuchoka, hauna nguvu ile.

Katika mwaka wa 2007, Göran Söderlund na wenzake huko Sweden walijaribu si muziki, bali kelele ya usawa, kama redio isiyokamata stesheni. Watoto wenye TDAH walikumbuka zaidi maneno waliyopewa. Watoto wengine, kelele ileile iliwaharibia. Na katika mwaka wa 2024, Joel Nigg na wenzake walikusanya majaribio 13 ya kelele za namna hiyo, watu 335 kwa jumla. Walikuta jambo lilelile: musaada kwa wenye shida, lakini musaada mudogo, na hasara ndogo kwa wasiokuwa nayo.

Kwa nini iko vile? Wajuzi wanafikiri kwamba bongo ya mutu huyu haipati kichocheo cha kutosha kazi ikiwa ya kuchosha, kwa hiyo inajitafutia kichocheo inje: dirisha, nzi, mazungumzo ya jirani. Sauti kidogo isiyobadilika-badilika inaweza kuijaza, kusudi isiende kutafuta mbali.

Lakini si kila sauti. Wimbo wenye maneno unapigana na maneno ya buku. Akili inayosoma na sikio linalosikia wimbo vinatafuta njia moja, na mulango ni mwembamba. Hata wimbo wa kwaya unafanya vile, ikiwa unaujua kwa moyo: utajikuta unaimba, na ukurasa haukugeuka. Televizyo ni mbaya zaidi. William Pelham na wenzake walionyesha katika mwaka wa 2011 kwamba picha ziliharibu kazi ya wavulana wenye TDAH katika darasa. Muziki uliwasaidia wamoja, uliwaharibia wengine. Njo maana hakuna sheria moja kwa watoto wote.

Basi, mama na baba, jaribuni hivi. Siku tatu mutoto afanye kazi katika kimya. Siku tatu zingine, muziki wa polepole usio na maneno, kazi ya namna ileile, saa ileile. Hesabuni mistari aliyomaliza na makosa yake. Musimuulize tu kama amependa. Kupenda na kufaidika ni mambo mawili. Ikiwa muziki unasaidia, mumuachie, lakini mbali kidogo na ndugu yake anayehitaji kimya. Kwa kusoma na kukariri, maneno yasiwepo. Kwa kufua ao kufagia lupango, wimbo wo wote hauna shida.

Wewe kijana unayefunga masikio na ekuter, chunga sauti. Shirika la Afya la Dunia linasema mutu mukubwa asipite saa 40 kwa juma kwa sauti ya desibeli 80, na mutoto desibeli 75. Ikiwa mutu aliye karibu nawe anapashwa kupaaza sauti kusudi umusikie, umekwisha kupita kipimo. Sikio likiharibika namna hiyo, halirudi.

Tena, muziki si dawa. Ikiwa shida imeonekana miezi 6 ao zaidi, ku masomo na ku nyumba pia, na ilianza mbele ya miaka 12, mupeleke mutoto kwa munganga. Aombe kwanza wapime masikio na macho, kwa maana mutoto asiyesikia vizuri anaonekana kama asiyetii. Angalieni pia usingizi: mutoto anayelala usiku wa manane kwa sababu ya kelele za mtaa atasinzia darasani, hata kama hana ugonjwa.

Na lile neno baya la jirani? Mara nyingi ni « mulozi ». Katika inchi yetu watoto wamefukuzwa nyumbani kwa sababu hawakutulia ao walikuwa wagumu kufundishwa. Katiba ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto kwa ulozi, na sheria ya mwaka wa 2009 ya kulinda watoto inatia azabu. Mutoto asiyetulia hana kosa la usiku. Bongo yake inatembea kwa mwendo mwingine. Kazi yetu, wazazi, walimu na wachungaji, ni kutafuta namna gani anaweza kujifunza: wakati mwingine kwa kimya, wakati mwingine kwa gitaa la polepole, lakini kila siku pamoja na mutu mukubwa anayekaa karibu naye bila kumutukana.