Riwaya ya ukimbizini na mkalimani asiye na jina

Ukitoka Mnara wa Saa kwa Barabara ya Nkrumah kuelekea Kamata, ubavuni mwa Gerezani, utapishana na mikokoteni na watu wanaosaka vipuri vya magari. Miaka ya 1960 ofisi ya Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilikuwa kwenye barabara hii. Chama kiliasisiwa Dar es Salaam Juni 1962, na mwaka huohuo Ryszard Kapuściński, mwandishi wa shirika la habari la Poland, akaja kuishi jijini. Wakimbizi wa siasa kutoka kusini mwa Afrika alikuwa akiwakuta barazani New Africa Hotel.

Tangu hapo mwanahabari mgeni hakukosa kazi kwetu, na baadaye akageuka mhusika wa riwaya. Mwaka 2000 Gil Courtemanche wa Kanada alitoa riwaya kuhusu Kigali ya mauaji ya kimbari ya 1994. Shujaa wake, Valcourt, ni mwanahabari wa Quebec anayeishi hotelini na kumpenda mhudumu, Gentille. Ni kitabu chenye hasira ya haki. Hata hivyo Wanyarwanda wengi tunawajua kwa kadiri Valcourt anavyowajua, na msomaji wa Kariakoo, aliyezoea kusikia lugha tano kabla ya saa nne asubuhi, lazima aulize: haya maneno yote bwana huyu katafsiriwa na nani?

Swali hilo si dogo. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja. Kambi ya Benaco ikazaliwa, wapiga picha wakafuata. Kwenye picha wote ni wakimbizi: turubai, ndoo, watoto. Lakini ndani ya umati ule walikuwamo waliochinja. Juni, mashirika ya misaada yalipotaka Jean-Baptiste Gatete, burugumesta (meya) wa zamani wa Murambi, Rwanda, aondolewe kambini, maelfu walizuka kumtetea. Baadaye mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari.

Sasa mfikirie kijana wa Ngara aliyekodiwa kutafsiri. Kihangaza chake kinakaribiana mno na Kinyarwanda. Anasikia wanachonong'onezana foleni ya maji, anajua nani anaogopwa na nani anaogopa. Mgeni anauliza, "Wanasema nini?" Atajibu yote? Kesho gari litaondoka, yeye atabaki. Hapo ndipo riwaya ilipo, na shujaa wake si mwenye kamera.

John le Carré alilinusa jambo hili. Katika *The Mission Song* ya 2006, shujaa ni Salvo, mkalimani aliyezaliwa Kongo ya mashariki, anayesikia asiyotakiwa kusikia. Mwanahabari nyota kitabuni ni mkewe, na wala hatumkosi sana.

Wachapishaji wetu nao wajitazame, maana kwetu hata tafsiri ya vitabu huchelewa. *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ilitoka 1994, mwaka uleule wa Rusumo. *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikatoka Mkuki na Nyota 2022, baada ya mwandishi kupata Nobel.

Yule kijana wa Ngara ningemfuata hadi sura za mwisho. Julai 1994 kamera zinahamia Goma kwenye kipindupindu, naye ujira unakatika. Desemba 1996 serikali inawataka Wanyarwanda wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka kuisha. Foleni inarejea Rusumo, na safari hii anaitwa kuwatafsiria askari wetu.