Kitenzi Kisichouliza "Lini?"

Kiswahili, mara nyingi, hakimwachi mtu aseme kitenzi chake mpaka kimemwuliza: lini? Akisema "nilikula", jambo limepita. Akisema "nitakula", lingali mbele. Hata akishataja "jana" kwa jina lake, bado huitia ile -li-, akasema mara mbili lililotosha mara moja.

Iko lugha isiyomhoji mtu hivyo. Ni Kiklingoni, lugha ya wapiganaji wa angani katika hadithi za kubuni za Star Trek. Maneno yake machache ya kwanza yalisikika katika filamu ya mwaka 1979. Kisha Marc Okrand, mtaalamu wa lugha wa Marekani aliyekuwa amechunguza Kimutsun cha wenyeji wa asili wa California, akaitungia sarufi kwa filamu ya 1984 na kuitolea kamusi mwaka 1985. Msomaji aliyepita chuoni hatataabika sana kuitamka: imo ghaini, imo kafu, imo khe, na ile alama ya ' ni hamza.

Basi Mklingoni mwenye njaa husema jIghung. Ikiwa njaa ilikuwa ya jana, hutanguliza neno la jana: wa'Hu' jIghung. Ya kesho je? wa'leS jIghung. Kitenzi hakikutikisika.

Wako watakaocheka, waseme hao hawana akili ya wakati. Wasicheke upesi. Kichina nacho, pamoja na ukale wa vitabu vyake, hakibadili kitenzi kwa jana na kesho. Na aliyesoma nahau ya Kiarabu ajua kwamba madhi wako waielezayo kwa kukamilika kwa tendo kuliko kupita kwa siku.

Alichokisamehe Mklingoni kwa "lini" amekidai kwingine: limekwisha, au lingali? Mwishoni mwa kitenzi hutiwa moja ya silabi nne. -taH ni ya kuendelea tu, kama mawimbi yapigavyo ufuoni. -lI' ni ya kuendelea kuelekea kikomo kijulikanacho, kama mshoni aliye katika kushona kanzu. -pu' ni ya lililokwisha, jirani wa -me- yetu. Na -ta' ni ya lililokwisha kwa kukusudiwa.

Hapo ndipo penye uzito. Katika kamusi ya Okrand, luHoHta' ni "wamemwua", tena kwa kudhamiria. luHoHpu' pia ni "wamemwua", lakini yaweza kuwa bahati mbaya. Sisi twasema "wamemwua" tukanyamaza. Nia itafutwe kwa maneno mengine, barazani au mahakamani.

Sisemi lugha yao yaishinda yetu. Atakaye kutaja kusudi kwa Kiswahili hakosi neno. Ila ni hiari yake kulitaja, na mwenye hatia hulisahau kwa urahisi.

Nawe msomaji, ukirudi nyumbani ukute kikombe chako kimevunjwa, utauliza lipi kwanza: kimevunjwa lini, au kimevunjwa kusudi?