Tangi Lililokwisha Kutumika: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Neno tangi limebeba mambo mengi. Lipo tangi la maji juu ya mnara wa nyumba, tangi la petroli lililofukiwa chini ya kituo cha mafuta, tangi la lori litokalo bandarini, na lile dogo la pikipiki. Kwa Waingereza, hata gari la vita lenye deraya huitwa hivyo. Walipoliunda kwa siri katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, walieneza habari kuwa ni matangi ya maji. Likaingia vitani Septemba 1916, na jina likabaki. Waswahili waliliita kifaru, jina lisilomdanganya mtu.

Sokoni, hata hivyo, udanganyifu wa namna ile ungali upo. Chombo kilichobeba kemikali huoshwa, lebo ikabanduliwa, kisha kikauzwa kuwa tangi la maji. Tunayasema haya hasa kuhusu mapipa ya plastiki ya lita 200 na vile vyombo vyeupe vya mraba vya lita 1,000 vyenye kizimba cha chuma. Plastiki hunyonya sehemu ya kitu kilichokaa ndani yake, nacho hurudi kwenye maji polepole. Sabuni haikiondoi chote. Kukosa harufu si ushahidi wa usalama. Mtumiaji amwulize muuzaji chombo kilibeba nini, na atazame alama za hatari. Pasipo lebo, chombo hicho kisitumike kwa maji ya kunywa wala ya kupikia, hata bei ikiwa nafuu kiasi gani.

Anunuaye tangi jipya la maji achague lisilopitisha mwanga, kwa kuwa mwanga huotesha ukoga wa kijani. Akumbuke pia uzito: lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 5,000 likijaa huutwisha mnara tani 5, mbali na uzito wa tangi lenyewe.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika tangi la mafuta linalodhaniwa kuwa tupu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini na kutambaa. Huwaka unapofikia takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mchanganyiko wake na hewa. Ndani ya tangi lililofungwa lenye mafuta mengi, mvuke kwa kawaida hupita kiwango hicho. Mafuta yakiisha, hewa huingia, na mchanganyiko ukaweza kufika pale pale panapolipuka. Ndiyo maana pipa lililokaa miezi kadhaa uani huweza kumlipukia fundi anapoligusa kwa moto wa kuchomelea ili alikate liwe jiko au hori la mifugo. Dizeli nayo isidharauliwe, kwani mabaki yake yakipata joto hutoa mvuke. Tunamsihi mtumiaji asimpe fundi kazi hiyo bila kumweleza pipa lilibeba nini, na asikubali jibu la kwamba limekwisha kusuuzwa.

Mvuke huohuo ndio unaoua watu wanaochota mafuta kwenye malori yaliyopata ajali. Sachangwan nchini Kenya, tarehe 31 Januari 2009. Sange nchini Kongo, tarehe 2 Julai 2010. Msamvu mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: katika kila tukio walifariki watu zaidi ya 100. Cheche moja yatosha, iwe ya injini, ya sigara au ya betri inayong'olewa. Aonaye lori limepinduka aondoke kuelekea upande upepo unakotokea, awazuie watoto wasisogee, na atoe taarifa polisi au zimamoto.

Kwenye kituo cha mafuta, ni vyema kusubiri iwapo lori linashusha mzigo. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini ya tangi pamoja na kutu na mchanga, na umiminaji huyatibua. Mteja adai risiti kila mara na kuitunza. Gari likizima muda mfupi baada ya kujazwa, asiendelee kuliwasha. Fundi atoe sampuli ya mafuta kwenye chombo kisafi kilichoandikwa tarehe na saa, nayo iwasilishwe pamoja na risiti wakati wa kulalamika.